Masjala Ndani ya Sanduku: Windows NT na Makarani wa Kampala

Zamani za utawala wa Kiingereza, na hata miaka mingi baada ya bendera ya Uganda kupandishwa tarehe 9 Oktoba 1962, hapakuwa na chumba katika idara ya serikali kilichoogopwa na kuheshimiwa kama masjala, ijapokuwa aghalabu kilikuwa chumba cha nyuma chenye dirisha moja. Kwani mkuu wa idara aliweza kusafiri, na naibu wake akaugua, na kazi ikaendelea, lakini karani wa masjala akichelewa na funguo zake, ofisi nzima ilikaa ikimngojea. Humo majalada yalipangwa kwa namba, kila jalada na karatasi zake zimetobolewa, zimefungwa kwa uzi na kuhesabiwa. Na aliyetaka kulisoma aliandikwa jina lake daftarini, akatia saini, akalichukua, na siku ya kulirudisha daftari likashuhudia tena. Aliyeruhusiwa kusoma si lazima aliruhusiwa kuandika, na aliyeruhusiwa kuandika hakuwa na idhini ya kung'oa hata ukurasa mmoja. Ukitaka kuifasili masjala kwa maneno machache, basi ni jina, idhini, amana na kumbukumbu, na mtu mmoja wa kuvichunga vyote vinne.

Nia ya makala haya ni kusimulia namna masjala hiyo, katika mji wa Kampala, ilivyohama makabatini ikaingia ndani ya sanduku la chuma livumalo usiku na mchana. Na katika miaka ya mwisho ya karne ya 20 sanduku hilo, katika ofisi nyingi, liliendeshwa na mfumo endeshi ulioitwa Windows NT. Mfumo endeshi ni ile programu mama inayosimama baina ya mashine na kazi, inayogawa kumbukumbu za mashine kwa kila programu kwa kadiri yake, inayopokea maandishi ya kibodi na kuyapeleka yanakostahili, na inayoamua nani atangulie na nani angoje. Bila ya huo, kompyuta yenye thamani kubwa kuliko zote ni bati na nyaya tu. Watu husimulia habari za mifumo hii kana kwamba ni habari za wahandisi wa Marekani peke yao. Mimi naiona kuwa ni habari ya makarani, na kwa hiyo sina budi kuanzia kwa makarani.

Mwaka 1844 mfanyabiashara Mwarabu, Ahmed bin Ibrahim, alifika katika baraza la Kabaka Suna II, naye ndiye wa kwanza kukumbukwa kuwa aliifikisha Qurani katika nchi ya Buganda. Na katika enzi ya mwanawe, Mutesa I, herufi za Kiarabu zilikuwa zimekwisha kupata wanafunzi katika vilima hivi ambavyo leo ndivyo mji. Athari ya watu wa pwani haikuishia katika dini. Mganda hadi leo husema ekitabo, husema kalaamu, na mwandishi wa ofisini humwita kalaani, maneno ambayo mtu wa Mombasa au Unguja hayahitaji kufasiriwa. Kisha ukaja Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900, ambao uligawa ardhi kwa maili za mraba baina ya Kabaka, machifu na serikali ya Kiingereza, hata neno lenyewe la maili likageuka jina la aina ya milki, nayo ni mailo; na tangu siku hiyo haki ya mtu juu ya kiwanja chake haikutegemea tena kumbukumbu za wazee peke yake, bali hati iliyokaa katika jalada, na jalada lililokaa chini ya ulinzi wa karani. Waswahili walikuwa wamekwisha kusema, kabla ya serikali yoyote kuyajua hayo, kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Jinsi daftari linavyoweza kupotea, Kampala ilijifunza kwa uchungu. Mwaka 1972 Waasia walipewa siku 90 kuondoka, na pamoja nao wakaondoka watunza hesabu wengi wa biashara za mji. Mwezi wa Aprili 1979, Idi Amin alipoangushwa, maduka na ofisi ziliporwa. Na miaka iliyofuata ikawa ya vita na mapinduzi, hata Januari 1986. Serikali iliyoingia siku hizo iliirithi dola ambayo haikuweza kusema kwa yakini ina watumishi wangapi. Kufikia mwaka 1990 orodha za mishahara zilikuwa na majina zaidi ya 300,000, na yalipochunguzwa, mengi yalionekana kuwa ni ya watumishi hewa, majina yanayopokea mshahara bila ya kuwa na miili. Na katika muda wa miaka michache, kwa kufuta hewa na kupunguza walio hai, hesabu ile ilishuka hata ikakaribia nusu. Mwaka 1991 iliundwa Mamlaka ya Mapato ya Uganda, ikapewa dhima ya kukusanya kodi kwa hesabu inayoweza kukaguliwa. Katika mji wenye haja kama hiyo, kompyuta ilipokelewa kama hakimu wa kuhesabu majina, na wala haikuonekana kuwa ni anasa ya wasomi.

Kompyuta zenyewe zilikuwa zimekwisha kuanza kuonekana. Chuo Kikuu cha Makerere kilianzisha Taasisi yake ya Sayansi ya Kompyuta mwaka 1985, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 palikuwa na kituo cha barua za kompyuta kilichoitwa MUKLA, alichokiendesha Charles Musisi, ambacho kilikusanya barua za mchana kutwa na kuzipeleka ng'ambo kwa njia ya simu na modemu. Lakini mashine nyingi za mezani zilikuwa zikiendeshwa na mfumo ulioitwa DOS, na DOS, pamoja na wepesi wake, haikujua adabu ya masjala. Aliyeketi mbele yake ndiye aliyekuwa mwenyewe. Haikuuliza jina, haikuuliza idhini, haikuandika nani ameingia. Mpiga chapa, mhasibu na mgeni aliyekuja kumngojea mhasibu walikuwa sawa mbele yake, na kila mmoja aliweza kufuta kazi ya mwaka mzima kwa amri ya neno moja. Wenye fedha walinunua NetWare ya Novell ili wapate hazina moja ya majalada kwa mashine nyingi, na mabenki katika nchi nyingi yalitumia Unix. Lakini hizo zilitaka mafundi maalumu, na wafanyakazi wa kawaida hawakuzigusa.

Sasa twende ng'ambo kidogo, kwani huko ndiko mjengaji alikokuwa. Mwaka 1988 kampuni ya Microsoft ilimwajiri David Cutler, mhandisi aliyekuwa amejijengea jina katika kampuni ya Digital kwa kuunda mfumo uliojulikana kwa jina la VMS, ambao uliendesha mashine za mabenki, maabara na viwanda, na ambao tangu asili yake ulidhania kwamba watu wengi watatumia mashine moja na kwamba haifai kuwaamini wote sawasawa. Cutler alikuja na baadhi ya wenzake, wakafanya kazi karibu miaka mitano, na tarehe 27 Julai 1993 ikatoka Windows NT ya kwanza, nayo ikapewa namba 3.1 ili ifanane na Windows ndogo iliyokuwa sokoni. Ilikuwa nzito, na mashine za wakati ule zililemewa nayo. Ile iliyoenea ni ya nne, iliyotoka mwaka 1996, kwa kuwa ilivishwa sura ile ile ya Windows 95 ambayo watu walikuwa wamekwisha kuizoea. Na ilitosheka na megabaiti 16 za kumbukumbu kwa seva, yaani mashine inayohudumia nyingine, kiasi ambacho simu janja ya leo haiwezi hata kuamka nacho.

Karani wa zamani angeitambua vipi masjala yake ndani ya mashine hiyo? Angeanzia mlangoni. Mtumiaji wa NT alitakiwa abonyeze vitufe vitatu kwa pamoja, kisha aandike jina lake na neno lake la siri, na kabla ya hapo hakuona kitu. Ndani, kila faili na kila kabrasha lilikuwa na orodha yake ya idhini: fulani asome, fulani aandike, kundi la wahasibu wabadilishe, wengine wasiingie kabisa. Palikuwa na daftari la matukio, ambalo, msimamizi akiliamuru, liliandika nani ameingia saa ngapi na nani amejaribu akakataliwa. Na hapa Mganda, ambaye kama Mswahili huanza kuhesabu saa zake jua linapochomoza, alilazimika kujifunza kwamba saa yake mbili ya asubuhi, kwa mashine ile, ni nane. Na chini ya yote palikuwa na hazina moja ya mipangilio, ambamo mashine iliandika habari zake zote, ni programu zipi zimo, ni nani watumiaji wake, ni kifaa gani kimeunganishwa wapi. Na waundaji wake walipotafuta jina la hazina hiyo, waliiita Registry. Jina hilo ndilo lililoandikwa kwa rangi juu ya mlango wa masjala katika kila idara ya Kiingereza.

Hapana haja ya kudhani kwamba waliifikiria Entebbe, makao ya zamani ya serikali ya Kiingereza. Lakini kalima hazisafiri bure. Na watu walioketi Marekani kutafuta jina la mahali ambapo mambo yote huandikwa na kuhifadhiwa kwa utaratibu, waliangukia neno ambalo makarani wetu walikuwa wakilitumia tangu enzi za babu zao.

Mji wenyewe, hata hivyo, ulikuwa na masharti ambayo mjengaji hakuyawaza. Kampala ni mojawapo ya miji inayopigwa na radi kwa wingi duniani; hesabu zinazotajwa ni zaidi ya siku 200 za ngurumo kwa mwaka, na radi ikishuka katika waya wa simu, modemu huwa ndiyo ya kwanza kufa. Umeme wa Owen Falls, bwawa lililofunguliwa Jinja mwaka 1954, haukutosha tena nchi iliyokuwa ikiamka, na mgao wa umeme ukawa desturi ya mitaa. Katika zama za DOS, umeme ukikatika katikati ya kazi, mashine iliamka na majalada yaliyovunjika vipande, na fundi akakaa saa nzima akiviunganisha. NT ilileta namna mpya ya kupanga diski, iitwayo NTFS, ambayo kabla ya kubadili mpangilio wa majalada huandika kwanza, katika kitabu cha pembeni, ni jambo gani inataka kulifanya. Umeme ukirudi, husoma kitabu kile, ikamaliza lililoanza au ikalifuta kabisa, na kabati likasimama wima. Barua ambayo mpiga chapa hakuwahi kuihifadhi ilipotea vile vile, maana hapana mfumo unaohifadhi lisiloandikwa; lakini mpangilio wa masjala haukuporomoka. Naona kwamba katika mji wa radi na giza sifa hiyo ilikuwa na thamani kuliko sura nzuri ya madirisha yake. Wenye hekima waliongeza betri ya akiba chini ya meza, na kitambaa cha kufunika vumbi jekundu linaloingia hata penye vioo.

Pamoja na mashine ukaja ulwa mpya, nao ni wa msimamizi wa mtandao. Huyu ndiye aliyekuwa na ile akaunti kuu inayoweza kufungua kila mlango, kuunda majina na kuyafuta. Aghalabu alikuwa kijana, aghalabu mshahara wake ulikuwa mdogo kuliko wa wale waliomwomba ruhusa, na wakubwa waliokuwa wamezoea kuingia popote bila kubisha hodi walishangaa kuambiwa na mashine kwamba hawana idhini. Naikumbuka ofisi moja mjini, ambayo sitaitaja, ambako msimamizi alikwenda kijijini kwao kwa ajili ya msiba, na neno la siri la akaunti kuu akaenda nalo kichwani. Siku tatu mashine iliwaka, ikavuma, ikawaonyesha watu wote kisanduku cha kuandikia neno wasilolijua, na wakubwa wakakaa wakimngojea kama vile wazee wao walivyokuwa wakimngojea karani mwenye funguo. Aliporudi, neno lile liliandikwa katika karatasi, likatiwa katika bahasha yenye lakiri, bahasha ikafungiwa katika sefu. Na kwa njia hiyo masjala mpya ikaja kulindwa na masjala ya kale.

Ulikuwako pia upungufu ambao ulionyesha kwamba hata mjengaji hufanya biashara. NT iliuzwa kwa namna mbili, moja ya mfanyakazi mezani kwake na moja ya seva, na hii ya seva bei yake ilikuwa mara kadhaa ya ile. Na ile ya mezani ilifungwa kwa sharti kwamba isihudumie mashine zaidi ya 10 kwa wakati mmoja. Katika mwaka ule ule wa 1996 mtafiti Mark Russinovich alichunguza akaonyesha kwamba ndani zilikuwa karibu kitu kimoja, na kilichozitenga ni maandishi machache yaliyomo katika Registry, yanayoiambia mashine wewe ni fulani. Karani yeyote angecheka kwa kulitambua jambo hilo, kwani ofisini pia mara nyingi baina ya mkubwa na mdogo hapakuwa na tofauti ya elimu, ila mstari mmoja katika jalada lake la utumishi. Nayo serikali ya Marekani, mwaka 1995, iliipa NT ya 3.5 cheti cha usalama cha daraja la C2 ambacho wauzaji walikitangaza sana. Ila mashine ilipimwa ikiwa peke yake, haikuunganishwa na mtandao wowote, sawa na kusifu masjala kwa usalama wake baada ya kuupiga mlango misumari.

Kampala haikuweza kuupiga mlango misumari, kwa sababu ndizo siku ambazo mji ulikuwa unafunguka. Jina la .ug liliandikishwa katika mtandao wa dunia mwaka 1995. Mwaka huo huo Celtel ikaanza kuuza simu za mkononi, na MTN ikafuata mwaka 1998. Migahawa ya intaneti ikaenea Kampala Road na Wandegeya, na wachapaji wa Nasser Road, ambao wangekuchapia chochote kuanzia kadi ya harusi, wakajaza vyumba vyao kompyuta. Intaneti ilikuja kwa njia ya setilaiti, kwa bei ghali na mwendo wa kobe, hata nyaya za chini ya bahari zilipotia nanga Mombasa mwaka 2009. Katika njia hiyo hiyo nyembamba zikapita barua, zikapita virusi, na yakapita marekebisho ya NT, ambayo mwenye kampuni aliyatoa kwa mafungu hata yakafikia sita. Na ofisi iliyoshindwa kuyashusha kwa simu iliyangojea yaje katika diski, mkononi mwa mtu. Nakala nyingi za mfumo wenyewe zilisafiri kwa njia hiyo ya mkono, bila ya ushuru wala leseni, na sheria mpya ya haki za waandishi ilikuja kupitishwa mwaka 2006 tu.

Mfumo una ajali yake, kama mtu. Tarehe 17 Februari 2000 ilitoka Windows 2000, mrithi wake, ambayo katika orodha yake ya saa za dunia mtu wa Kampala hakuuona mji wake, akachagua Nairobi, kama reli na posta zilivyomzoesha zamani. Huduma kwa seva za NT 4 ikakoma tarehe 31 Desemba 2004. Wengine walikuwa wamekwisha kugeukia Linux, mfumo endeshi huria, kwa ajili ya bei na kwa ajili ya uhuru: Chuo Kikuu cha Mashahidi wa Uganda, kule Nkozi, kilihamisha mashine zake kwenye programu huria, na mwaka 2004 wafanyakazi wa kujitolea walikifasiri kivinjari cha Mozilla kwa Kiganda, na kwa kutumia programu iitwayo Samba, seva ya Linux iliweza kujifanya msimamizi wa NT, mashine za mezani zikaitii bila kujua kwamba bwana wao amebadilika. Ama wale wasio na fedha wala fundi waliiacha NT iendelee kuvuma pembeni, bila mlinzi, maadamu hesabu zilitoka.

Kilichobaki ni ile adabu ya masjala. Mwaka 2011 Uganda ilipata Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta, ambayo ilifanya kuingia bila idhini kuwa kosa la jinai. Na neno idhini, ambalo DOS haikulijua kabisa, likawa neno la mahakama. Majalada ya zamani yenyewe, yaliyokaa miongo mingi katika orofa ya chini kule Entebbe, yakaletwa Kampala katika jengo jipya la nyaraka za taifa huko Wandegeya, mwendo mfupi kutoka Makerere.

Liko jambo moja la NT ambalo nalikumbuka kuliko mengine yote. Mfumo ule haukuliamini jina la mtu. Kila mtumiaji alipoandikishwa, alipewa kwa siri namba ndefu isiyofanana na ya mwingine yeyote, na idhini zote ziliandikwa kwa namba hiyo. Hata kama akaunti yake ikafutwa, na kesho ikaundwa nyingine yenye jina lile lile, herufi kwa herufi, mashine ilimtazama kama mgeni, na majalada yake ya jana yakamkataa. Kwa nchi iliyokuwa imeibiwa na majina ya watumishi hewa, hekima hiyo ilikuwa na maana. Lakini ukiyafungua majalada ya mtu aliyefutwa, mahali pa mwenyewe paliandikwa kwamba hajulikani, ikabaki namba tu. Karani wa masjala, kwa upande wake, angeinua macho kutoka daftarini, akakutazama, akakumbuka kwamba wewe ndiwe uliyelichukua jalada lile mwezi uliopita, na kwamba baba yako aliwahi kufanya kazi katika chumba cha tatu.